Theluji ya Koch kwa penseli na rula: kwa nini mchoro unaharibika katika hatua ya tatu

Swali: "Mwalimu, ninafundisha hisabati katika shule ya sekondari wilayani Kondoa, na klabu yetu ya hisabati imeanza kuchora fraktali, yaani maumbo ambayo sehemu zake ndogo zinafanana na umbo zima, kwa mkono kwa kuwa kompyuta tulizonazo hazitoshi. Tulianza na theluji ya Koch yenye upande wa sentimita 10, lakini kila tukifika hatua ya tatu mistari haikutani na mchoro unaharibika. Tunakosea wapi? Wanafunzi wameniuliza pia inawezekanaje mzingo usio na mwisho uzungushe eneo lenye mwisho, na nini maana ya kusema mstari una dimensheni 1.26. Je, makorongo ya huku kwetu nayo ni fraktali? Na kwa kidato cha kwanza, tuanze na mchoro gani?"

Jibu:

Mwalimu mwenzangu, kabla hujawalaumu wanafunzi kwa uchoraji wao, itazame kwanza namba mliyoanza nayo. Theluji ya Koch huanza na pembetatu yenye pande tatu sawa, na inadai jambo lilelile katika kila hatua: kila mstari ugawanywe katika sehemu tatu sawa, juu ya sehemu ya kati isimamishwe pembetatu yenye pande tatu sawa, kisha kitako cha pembetatu hiyo kifutwe. Sentimita 10 ni milimita 100, na 100 haigawanyiki kwa 3. Mwanafunzi mwenye rula ya kawaida huweka alama kwenye 33 na 66, akabakiwa na kipande cha 34, na hapo tayari vipande vyake vitatu havilingani. Hatua ya pili inamtaka apate milimita 11.1 na ya tatu milimita 3.7, ambapo kosa la nusu milimita, ambalo ni unene tu wa mstari wa penseli, limeshakuwa karibu sehemu moja ya saba ya kipande chenyewe. Kwa kuwa kila pembetatu mpya inasimama juu ya kosa la ile iliyoitangulia, si ajabu kwamba mistari inapishana badala ya kukutana.

Dawa yake ni kupanga kwa kuanzia mwisho. Amueni kwanza urefu wa kipande kidogo kabisa ambacho mkono unaweza kukichora kikaonekana, kisha mkizidishe kwa 3 mara nyingi kadiri ya hatua mnazotaka. Mimi hupendekeza milimita 2, kwa sababu chini ya hapo ncha ya penseli huanza kuziba pembe. Mbili mara tatu ni 6, kisha 18, kisha 54, kisha 162. Basi upande wa pembetatu ya kuanzia uwe milimita 162, na vipande vya hatua zote nne vitaangukia kwenye milimita kamili, bila desimali yoyote ya kukisia.

Kikwazo kinachofuata ni bikari, kwa sababu nyingi zinazouzwa ndani ya mikebe ya hisabati hazifunguki hadi milimita 162 bila kulegea, na kipimapembe kidogo cha plastiki hakiaminiki sana kwenye mstari mrefu kiasi hicho. Njia nzuri zaidi ni kuanza na duara. Fungueni bikari milimita 93.5, yaani katikati ya alama ya 93 na ya 94, mchore duara katikati ya karatasi ya A4. Karatasi hiyo ina upana wa milimita 210 na duara lina kipenyo cha milimita 187, kwa hiyo linaenea. Bila kubadilisha upana wa bikari, ichomekeni popote juu ya duara, mkate alama, mhamie kwenye alama hiyo, mkate nyingine, mpaka mzunguke duara zima na kupata nukta sita. Mkiunganisha nukta hizo kwa kuruka moja moja mtapata pembetatu ambayo upande wake ni milimita 162, na mkiunganisha zile tatu zilizorukwa mtapata pembetatu ya pili iliyopinduka juu ya ile ya kwanza. Kwa pamoja zinafanya nyota ya ncha sita, na mpaka wa nje wa nyota hiyo ndio hatua ya kwanza ya Koch. Angalieni kwamba hakuna mtu aliyegawa kwa tatu: mistari imegawanyana yenyewe mahali ilipokatana. Pimeni vipande vyote 12 vya mpaka huo, na kikipatikana hata kimoja kilichozidi au kupungua milimita 54 kwa zaidi ya nusu milimita, rudieni duara kabla ya kwenda mbele, kwa sababu baada ya hapo hakuna marekebisho.

Kuanzia hatua ya pili wekeni bikari pembeni. Kateni kwenye karatasi ya manila, kwa wembe na rula, pembetatu mbili zenye pande sawa, moja ya milimita 18 na nyingine ya milimita 6. Hizo ndizo zitakuwa vigezo vyenu. Juu ya kila kipande cha milimita 54 wekeni nukta kwenye 18 na 36, mlaze kigezo kikubwa kati ya nukta hizo, mfuatishe pande zake mbili za nje. Fanyeni hivyo kwa vipande vyote 12 kabla ya kushika kigezo kidogo, maana anayemaliza kona moja hadi mwisho kabla ya kugusa nyingine hupoteza hesabu ya hatua aliyofikia. Hatua ya nne, ile ya milimita 2, huchorwa kwa jicho: kila kipande cha milimita 6 kinawekewa kijipembetatu katikati, na kwa kuwa kipande ni kifupi, jicho linakosea kidogo sana.

Vitako msivifute njiani. Ufutio ukipita mara kumi mahali pamoja karatasi huota manyoya na mstari unaofuata hauwi safi. Choreni hatua zote kwa penseli nyepesi, kisha mpitishe kalamu ya wino kwenye mpaka wa mwisho peke yake, wino ukauke, ndipo mfute penseli yote kwa mara moja. Mwanafunzi anayepitisha wino azunguke mchoro kwa mwelekeo wa mishale ya saa. Akienda hivyo, nje ya umbo iko kushotoni kwake daima, na kila kipande kipya anakikuta kwa utaratibu uleule wa kukata kushoto nyuzi 60, kulia nyuzi 120, kisha kushoto tena nyuzi 60. Kosa ninaloliona mara nyingi zaidi ni pembetatu iliyogeuzwa ikaingia ndani, na utaratibu huo wa kushoto, kulia, kushoto hulifichua papo hapo.

Idadi ya vipande huanza na 3, kisha 12, 48, 192 na 768. Hatua ya nne ni kazi kubwa kwa mtu mmoja, lakini pande tatu zinafanana kabisa, kwa hiyo wanafunzi watatu wanaweza kugawana vipande 256 kila mmoja. Kwenye ubao anzeni na upande wa milimita 810, kwa duara la kamba yenye urefu wa milimita 468, na mwishie hatua ya tatu yenye vipande vya milimita 30, kwa sababu chaki ni nene.

Sasa nije kwenye mzingo, na hapa mchoro wenu wenyewe utatoa ushahidi. Pembetatu ya kwanza ina mzingo wa milimita 486. Nyota ina vipande 12 vya milimita 54, yaani 648. Hatua ya pili ni 48 mara 18, yaani 864. Ya tatu ni 192 mara 6, yaani 1,152. Na ya nne ni 768 mara 2, yaani 1,536. Kila hatua inazidisha mzingo kwa theluthi nne, kwa kuwa kila vipande vitatu vya zamani vinabadilishwa kuwa vinne vyenye urefu uleule, na namba inayozidishwa kwa 4/3 tena na tena hupita mpaka wowote utakaouweka. Kama mngeweza kuendelea hadi hatua ya 48, mzingo wa umbo hilohilo lililo kwenye A4 ungekuwa takribani kilomita 480, ambazo ni nyingi kuliko barabara ya kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam.

Eneo halifuati hesabu hiyo, na hili linaweza kuonyeshwa bila kanuni yoyote ya mfululizo. Unganisheni zile nukta sita za duara kwa mistari mifupi ya pembeni mpate pembesita. Kati ya kila upande wa pembetatu ya kwanza na ukingo wa pembesita kuna pembetatu bapa yenye pembe za nyuzi 30, 30 na 120. Mkichora pembetatu bapa kama hizo, zilizopunguzwa mara tatu, juu ya vipande vinne vinavyochukua nafasi ya upande huo, mtaona kwamba zote nne zinaingia ndani ya ile kubwa bila kutokeza hata kidogo, na zitakazofuata vivyo hivyo ndani ya hizo. Kwa maana hiyo theluji haitatoka kamwe nje ya pembesita, hata mkiongeza hatua mpaka mchoke, na eneo la pembesita ni mara mbili tu ya eneo la pembetatu ya kwanza. Hiyo inatosha kuwa uthibitisho kwa mwanafunzi asiyejua mfululizo.

Kwa anayeujua, thamani kamili inapatikana kirahisi. Hatua ya kwanza inaongeza pembetatu 3, kila moja ikiwa na sehemu moja ya tisa ya eneo la kwanza, jumla theluthi moja. Hatua ya pili inaongeza pembetatu 12, kila moja sehemu moja ya 81, jumla 4/27. Kila nyongeza ni 4/9 ya iliyotangulia, kwa sababu pembetatu zinakuwa nyingi mara 4 lakini kila moja inapungua eneo mara 9. Jumla ya nyongeza zote ni theluthi moja kugawanya kwa 5/9, yaani 3/5, na hivyo eneo lote ni 8/5 ya pembetatu ya kwanza. Kwa mchoro wenu pembetatu ina takribani sentimita za mraba 113.6, na theluji nzima itaishia kwenye 181.8.

Waonyesheni wanafunzi namba zinazopatikana njiani, maana ndizo zinazonifurahisha mimi katika mchoro huu kuliko umbo lenyewe. Eneo linakwenda 1, 1.333, 1.481, 1.547, 1.577, likielekea 1.6. Katika hatua ya nne, mkono na manila na wembe vimeshapata zaidi ya asilimia 98 ya eneo lote ambalo theluji italipata milele, ilhali kwenye mzingo, ambao hauna mwisho, milimita 1,536 ni kama hamjaanza. Kwa hiyo mwanafunzi akiuliza kama mchoro wake ni theluji ya Koch kamili, jibu la kweli ni kwamba kwa jicho umekamilika na kwa urefu bado, na kompyuta yenye kioo kikubwa kiasi gani nayo inachora hatua tu, kama yeye.

Kuhusu dimensheni, anza na maumbo wanayoyafahamu. Mstari mnyoofu ukipunguzwa mara tatu, zinahitajika nakala 3 ndogo kuujenga upya. Mraba ukipunguzwa upande wake mara tatu, zinahitajika nakala 9, na mchemraba nakala 27. Namba hizo ni 3 kwa kipeo cha 1, cha 2 na cha 3, na kipeo ndicho tunachokiita dimensheni. Upande mmoja wa theluji ya Koch ukipunguzwa mara tatu unahitaji nakala 4. Tunatafuta basi kipeo ambacho 3 ikipewa inakuwa 4, na kwa kuwa 4 iko kati ya 3 na 9, kipeo hicho lazima kiwe kati ya 1 na 2. Fungueni kitabu cha majedwali ya hisabati: logi (logarithimu) ya 4 ni 0.6021, logi ya 3 ni 0.4771, na ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili inatoa 1.262.

Wapo wanafunzi ambao hesabu hiyo huiona kama kiini macho, na ninawaelewa. Kwao hulieleza jambo kwa upande wa upimaji. Ukiipima theluji kwa milimita za urefu, jibu linakua bila mwisho kadiri kipimo kinavyokuwa kidogo. Ukiupima mpaka wake kwa milimita za mraba, jibu linapungua kuelekea sifuri, kwa sababu mpaka hauna unene. Kipimo cha kwanza hakiutoshi na cha pili kinauzidi. Lakini chukua idadi ya vipande katika kila hatua, uizidishe kwa urefu wa kipande uliopewa kipeo cha 1.262: 3 mara 162 kwa kipeo hicho, 12 mara 54 kwa kipeo hicho, 48 mara 18 kwa kipeo hicho. Ukiacha tofauti ndogo za kukadiria, majibu yote ni sawa. Hicho ndicho kipeo pekee ambacho kwacho kipimo hakiparaganyiki, na ndiyo maana halisi ya namba ile.

Tahadhari moja tu kabla sijaendelea. Utasikia ikisemwa kwamba fraktali ni umbo lenye dimensheni ya sehemu, na usemi huo ni wa haraka mno. Mstari uliobuniwa na David Hilbert mwaka 1891 unajirudia ndani yake vivyo hivyo, na bado unaujaza mraba wote, hivyo dimensheni yake ni 2 kamili. Helge von Koch mwenyewe, mwanahisabati wa Sweden, alipouchapisha mstari wake mwaka 1904, hakuwa akitafuta dimensheni. Alitaka mfano unaochoreka kwa jiometria ya kawaida wa mstari usiokatika popote na ambao hakuna nukta yake hata moja unapoweza kuchora tanjenti. Zamani Karl Weierstrass alikwisha kutoa mfano wa aina hiyo kwa kanuni, ila haukuwa wa kuonekana kwa macho.

Makorongo ya Kondoa, kwa maana kali ya hisabati, si fraktali, kwa sababu korongo likifuatwa kwenda juu linafikia kijifereji, na kijifereji kinafikia chembe za mchanga, na hapo kujirudia kumekwisha. Lakini kati ya korongo kubwa na kijifereji kuna ngazi kadhaa ambazo matawi yanafanana kwa wastani, na katika ngazi hizo dimensheni inapimika. Mfano wenyewe ulianzia kwenye pwani. Lewis Fry Richardson aliona kwamba urefu wa pwani hutegemea kipimo unachotumia, na mwaka 1967 Benoit Mandelbrot akaandika juu ya urefu wa pwani ya Uingereza, akizisoma namba hizo kama dimensheni: takribani 1.25 kwa pwani ya magharibi ya Uingereza, na 1.02 tu kwa Afrika Kusini, ambayo pwani yake imenyooka.

Klabu yenu ina bahati ya kuwa jirani na Milima ya Irangi, ambako mmomonyoko ulikuwa mkali kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianzishwa mwaka 1973 kupambana nao, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa. Chukueni picha ya angani iliyochapishwa au ramani yenye makorongo hayo, mchore juu yake miraba ya milimita 20, mhesabu miraba inayoguswa na korongo. Kisha miraba ya milimita 10, kisha ya milimita 5. Kila mnapopunguza mraba kwa nusu, idadi ikiongezeka mara 2 korongo linafanya kama mstari wa kawaida, ikiongezeka mara 4 linafanya kama eneo lililojaa, na ikiwa katikati, gawanyeni logi ya ongezeko hilo kwa logi ya 2. Andikeni jibu kwa desimali moja tu. Atakayewaletea desimali nne kutoka kwenye ramani ya karatasi anawadanganya, hata kama hajui.

Kwa kidato cha kwanza nisingeanza na Koch. Ningeanza na pembetatu iliyoelezwa na Wacław Sierpiński mwaka 1915, na ningeichora kwenye daftari la hesabu lenye vijumba, bila rula wala bikari. Mstari wa kwanza tia rangi kijumba kimoja, cha kushoto kabisa. Kuanzia mstari wa pili sheria ni hii: tazama kijumba kilicho juu yako moja kwa moja na jirani yake wa kushoto; ikiwa kimoja tu kati ya hivyo viwili kina rangi, tia rangi; vikiwa na rangi vyote, au vikikosa vyote, acha wazi. Mstari wa pili utakuwa na vijumba viwili vyenye rangi, wa tatu cha kwanza na cha tatu, wa nne vyote vinne, wa tano cha kwanza na cha tano. Ni pembetatu ya Pascal hiyo, ile ya namba ambamo kila namba ni jumla ya mbili zilizo juu yake, ambayo namba zake witiri zimetiwa rangi na namba shufwa zimeachwa.

Kwa mistari 1, 2, 4, 8, 16 na 32, jumla ya vijumba vyenye rangi ni 1, 3, 9, 27, 81 na 243. Kuongeza mistari mara mbili kunaongeza rangi mara tatu, na wanafunzi wa juu watapata dimensheni yake kwenye jedwali lilelile: 0.4771 kwa 0.3010, yaani 1.585. Namba hizo pia ni za kusahihishia madaftari. Mwanafunzi akifika mstari wa 16 akakuta baadhi ya vijumba viko wazi, kuna kosa, na huhitaji kukagua kila kijumba kulitafuta. Kosa la kijumba kimoja hujizalisha kwa sheria ileile, likiacha chini yake pembetatu ndogo ya Sierpiński ya makosa. Liweke daftari lake kando ya daftari lililo sahihi, uwekee alama kila kijumba wanapotofautiana, na kama kosa ni moja, liko kwenye kona ya juu kushoto ya umbo litakalojitokeza.